Uduvi wa Chumvi Bandani

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, kila nikikuona unachanganya unga wa kukuzia kuku kwa kukisia na kiganja. Nilikuwa msichana wa Ruaruke, mjuaji kuliko bwana mifugo. Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa kesho yake, na kitoweo cha walima nilikiahidi mimi: kuku wangu wa nyama.

Tatizo walikuwa bado wembamba. Mwenye duka la chakula pale Kibiti alikuwa ameniambia gunia lake lina kila kitu, nisiongeze chochote. Nikaona ananibania. Nilikuwa nimesikia kuku hunenepa kwa vitu vya baharini, basi wiki ile nikaenda Nyamisati, pwani, nikarudi na furushi la uduvi mkavu wa chumvi, vile vikamba vidogo. Nikautwanga, nikauchanganya bila kipimo, nikawamiminia.

Siku mbili kuku wakanywa maji kama waliokuwa wamefunga. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani ndiyo kunenepa kwenyewe. Alhamisi asubuhi wakaanza kupepesuka. Mmoja akaanguka ubavu na hakuinuka tena.

Mjomba Saidi, aliyekuja kuchinja, alinikuta mlangoni mwa banda. Nikamwambia afanye haraka.

"Wana nini hawa?"

"Joto tu, mjomba."

Akamwinua mmoja, kichwa kikaning'inia. Akamweka chini, akanigeukia.

"Siti, kitoweo hiki wataenda kula watu. Unataka nitaje jina la Mungu juu ya uongo wako?"

Uani wanawake walikuwa wanapeta mchele, na Zuhura anacheka nao. Nikisema kweli, nitamwaibisha mbele ya wakwe. Nikinyamaza, nitawalisha wageni kuku wagonjwa. Niliogopa kweli, mwanangu. Mwisho nikasema yote, mpaka habari ya uduvi.

Mjomba akasema ni chumvi ya uduvi iliyowadhuru, akakirudisha kisu kwenye ala. Tukakimwaga chakula kile, tukawapa maji safi kidogo kidogo, lakini wengi walikufa na tukawafukia. Kesho yake wageni walikula wali na kunde, na mashangazi wa bwana harusi wakasema walivyotaka. Zuhura hakunisemesha siku nzima. Alipokuwa anatoka kwenda kwa mumewe ndipo aliponishika mkono. "Dada, bora ulisema," akaniambia.

Kwa hiyo, mwanangu, chakula kilichokamilika kiache kama kilivyo. Ukitaka kuongeza kirutubisho, waulize wanaojua, soma karatasi yake, upime. Dawa ikiwa na siku za kungoja kabla ya kuchinja, zingoje zote, hata wateja wakikupigia simu. Na ukikosea, usisubiri mpaka mchinjaji akuulize. Sema wewe kwanza, hata kama nyumba nzima itakununia.

Mungu akujalie mkono wenye kipimo na ulimi usioogopa, na kila kitakachotoka bandani mwako watu wakile kwa amani.