Sukari Nguru Iliyokataa Kuganda

Kuna siku siisahau, mwanangu, kwa sababu ya uji. Uji gani? Ngoja, usinikimbize.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, hapa hapa Shianda. Mama alikuwa na kipande kimoja cha shamba la miwa. Aliipalilia mwaka na nusu akisema ikipikwa sukari nguru atanunua mabati, maana nyumba ilikuwa inavuja juu ya kitanda chake. Kazi ya kukata akaniachia mimi. "Usikate mpaka Mzee Makokha akwambie jiko lake liko wazi," alisema. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akipika sukari nguru kijijini kwetu.

Mimi nani wa kungojeshwa! Nikakata yote kwa siku mbili nionekane dume, kisha nikaenda Butere kwenye harusi ya rafiki. Siku tatu zikawa tisa, miwa imelala juani. Niliporudi nikatafuna mmoja: mtamu ajabu. Nikamwambia Mama, "Iko sawa kabisa."

Tulipika tangu asubuhi. Tukamimina kwenye makasha ya mbao, tukangoja igande. Wapi! Ikabaki uji wa kahawia, unanata vidoleni. Mzee Makokha akaulamba, akanitazama.

"Kijana, miwa hii ulikata lini?"

"Juzi, Mzee."

"Ulimi wako umedanganywa na utamu, na sasa wewe unanidanganya mimi." Alisema polepole, Mama akisikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjukuu wangu anayesoma kilimo kule Bukura ndiye amenifundisha jina: vimeng'enya. Vimo ndani ya muwa, vinavunja sukari yake kuwa sukari mbili nyepesi, ili upate nguvu ya kurefuka. Ukishaukata, vyenyewe haviachi kazi. Utamu unabaki mdomoni, lakini sukari hizo nyepesi hazitaki kuganda, na zinazuia hata ile iliyobaki.

Mama hakunigombeza. Msimu mzima wa mvua nilimwona akisogeza kitanda na kutega sufuria. Bado alinipakulia obusuma, ugali wetu, bado alinitania, basi nikajiambia yameisha, samahani nitasema siku nyingine. Niliisema baada ya miaka sita. Akaniambia, "Niliingoja siku ileile, baba." Aii, maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Kwa hivyo nakuambia wazi, mwanangu. Uliyemkosea akiendelea kukuchekea, usijidanganye kwamba mambo ni sawa. Kuna kitu ndani yake kinavunjika taratibu, na wewe huku unaonja utamu tu. Nenda leo, kabla chakula cha jioni hakijaiva, ukaseme kosa lako kwa jina lake.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema samahani, na akuwekee hai yule anayeingoja.