Kipande cha Mbao Shingoni

Sijawahi kukasirishwa na neno dogo kama nilivyokasirishwa na neno "baba", na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Nafundisha darasa la tano hapa Kamina, katika shule ya kanisa. Darasani tunasema Kifaransa, uani Kiswahili kinavumiliwa, na Kiluba, ambacho karibu sisi sote tulinyonya nacho, kilikuwa hakitakiwi hata chooni. Mtoto akikamatwa anakisema, alivishwa simboli: kipande cha mbao, ukubwa wa kipande cha sabuni, kimetobolewa na kutiwa kamba ya wavu. Alikaa nacho shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea, amvishe yeye. Kengele ya mwisho ikilia, aliyebaki nacho alifagia madarasa yote. Mimi mwenyewe nilikivaa nikiwa mdogo, na nilipokuwa mwalimu nikakabidhiwa kukitunza ndani ya droo yangu.

Mwaka huu tulipokea msichana kutoka Mulongo, huko mtoni. Baba yake, mvuvi, alimleta akae kwa shangazi yake mjini ili asome. Siku ya kwanza nilimuuliza ni nani amemleta. Akasimama wima, mikono nyuma, akajibu, "Tata," yaani baba kwa Kiluba. Darasa zima likaanza kuita simboli, simboli, nami nikamvisha. Sitadanganya hapa: nilimvisha bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Wenzake walikuwa wajanja. Walinong'onezana Kiluba akiwapa mgongo. Yeye aliwasikia vizuri sana, lakini aliona aibu kumshitaki mtu kwa sababu amesema lugha ya mama yake. Basi akafagia wiki mbili. Kisha akapata dawa yake mwenyewe, akanyamaza. Nikiita majina aliinua mkono tu. Nikimpa kitabu asome kwa sauti alikitazama mpaka nichoke, nami nikamwandikia sifuri. Sifuri! Mimi, mtu mzima, nilimnyamazisha mtoto halafu nikamhesabia kunyamaza kama ujinga.

Baba yake aliposikia alikuja shuleni. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Mwalimu, mutoto hasemi tena," aliniambia. "Nitamurudisha Mulongo. Kule iko na sauti."

Nikamwomba aniachie mpaka Jumamosi. Alikubali kwa shingo upande.

Alasiri ile nilikwenda upande wa Base, kambi ya jeshi, ambako mtandao unashika, nitafute kwenye simu namna ya kumfundisha maneno ya familia. Nikaandika "baba". Ukafunguka ukurasa mrefu wa kamusi, neno hilohilo katika lugha za watu. Kihungaria: mwanasesere, au mtoto mchanga, na viambishi vya mwisho vingi mpaka nikachoka kuhesabu. Kiayalandi: mtoto mchanga pia, na ukimwita, herufi ya kwanza inalainika. Kislovakia: bibi kizee, na katika sentensi, bibi huyo ukimwona au ukimpiga anakuwa "babu". Hapo nilicheka peke yangu barabarani. Kiswahili kilikuwa chini yao. Nikatafuta "tata", nione Kiluba chetu. Nilikuta lugha za kila upande wa dunia, Kiluba hakuna.

Nikaendelea kusoma habari za hao wenye lugha, na kicheko kikanikauka. Waayalandi wa zamani walifungwa kijiti shingoni na walimu wao. Kila neno la Kiayalandi lilikatwa alama kwenye kijiti, na jioni alama zikahesabiwa kwa fimbo. Waslovakia nao walifungiwa shule zao na serikali iliyotaka wote waseme Kihungaria. Leo wote watatu wamo ukurasa mmoja, umoja na wingi, hakuna anayefagia. Na kijiti kiko wapi? Kiko Kamina, ndani ya droo yangu, karibu na chaki! Sikuwakasirikia watu wa Ulaya. Nilijikasirikia mimi, kwa hasira ambayo sikujua ninayo.

Ijumaa nilichora jedwali ubaoni, mistari mitatu kwa zile lugha tatu. Watoto walimcheka sana bibi anayegeuka babu. Nikawaeleza habari ya kijiti, wakaacha kucheka. Kisha nikachora mstari wa nne, nikamgeukia msichana wa Mulongo, nikamuuliza kwa Kiluba: kwenu baba anaitwaje?

Darasa zima likaanza kuniitia simboli, simboli. Nikafungua droo, nikamkabidhi simboli, nikainama mbele yake. Akanivisha. Halafu akasema, polepole, "Tata." Nikaandika. Nikamuuliza wingi, akanipa. Nikamuuliza baba wa mtu mwingine anaitwaje, akanipa neno jingine kabisa, ambalo mimi nilikuwa nimeanza kulisahau.

Kelele zilimleta mkuu wa shule. Alinikuta na mbao shingoni kama mtoto mkosaji. Akaniuliza kwa Kifaransa huu ni mchezo gani. Nikajibu kwamba nimesema Kiluba, na sheria ni sheria. Akapandisha sauti, akaingia Kiswahili, na hasira ilipomfika kooni akaangukia Kiluba cha Kabondo-Dianda alikozaliwa, kitamu, chenye mbio, na matusi mawili ambayo nilikuwa sijayasikia tangu babu yangu afe.

Watoto waliinamisha vichwa. Mkono mmoja tu ulipanda.

"Direktere," alisema msichana, "na weye umesema Kiluba."

Nikaivua kamba, nikamnyooshea mkuu. Aliitazama, na nadhani alikumbuka shingo yake mwenyewe ya utotoni. Akaichukua, akaitia mfukoni, akatoka. Tangu siku ile simboli haijarudi darasani kwangu, nami sijamuuliza.

Jumamosi baba wa msichana alikuja na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Msichana alimsimulia yote kwa lugha yao, kwa kirefu, mpaka yule mzee akatafuta mahali pa kukaa. Aliondoka na mfuko wake mtupu.

Wiki hii nimemkemea msichana yule mara tatu kwa kupiga domo katikati ya hesabu. Nimemkemea kwa Kiluba, asije akasema hakusikia.