Piesi sita ndani ya rido

Leo muzee mumoja, muteja wangu, kanifundisha kitu, na mi nikamufundisha.

Kaleta kwenye cherehani yangu, hapa mtaa wa Buyenzi, rido (mapazia) za marehemu mama yake, nizifupishe. Nafumua pindo, tii! Piesi, sarafu ya zamani, imeanguka. Zikatoka sita! Mafundi wa zamani walizishonea humo ili upepo usipeperushe rido.

Kumbe muzee anakusanya piesi. Akashika moja mbele ya dirisha, karibu alie.
"Maman Zaina, hii miaka yote naitafuta! Unaona herufi hii ndogo? Ni alama ya kiwanda kilichoitengeneza."

Nikaangalia. Kweli, kaherufi kama chawa.

Halafu nikaona mwisho wa mshono: mafundo matatu ya uzi mwekundu.

Jamani.

Mutu mumoja tu alikuwa anamalizia hivyo. Mama yangu, Mungu amurehemu. Alinifundisha kwenye mashine hii hii.

"Muzee, na hii ni alama ya kiwanda. Kiwanda chenyewe ndiyo hapa umesimama."

Piesi kaenda nazo, ni zake. Rido nimezipinda upya, mafundo matatu, uzi mwekundu.

Sasa nyinyi wa mitaa ya Kinanira na Gihosha wenye rido za bibi zenu, hebu geuzeni pindo.
Mukikuta piesi, ni zenu.
Mukikuta mafundo, muniite.