Mistari kwenye Nyonga ya Mama

Binti yangu akifungua kalamu ya wino mzito, harufu yake hunirudisha Muleba, siku niliyomwogesha mama. Saratani yake ilikuwa imeingia mifupani, na alikuwa ametoka Mwanza kupigwa mionzi. Nilikuta mistari ya wino kwenye nyonga, nikaanza kuisugua.

“Iache, mwanangu,” alisema. “Walichora hapo ili wajue pa kupiga mionzi.”

“Umepona?”

“Hapana. Daktari amesema maumivu yatapungua tu.”

Niliendelea kummwagia maji polepole.

Wiki chache baadaye nilitoka shule nikamkuta jikoni, ameketi chini kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, kama zamani kabla nyonga haijamzuia kukaa, akimenya ndizi. Niliogopa hata kumsemesha, maumivu yasije yakarudi. Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.