Daftari Lililomtoa Elia Kihambani

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya Krismasi, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na watu wa Old Moshi wakaanza kung'oa mibuni. Ukoo ulikuwa umerudi nyumbani kutoka mijini. Nilikuwa kijana, na nilisimama uwanjani kuwasomea daftari langu: maisha ya babu wa babu yangu, aliyeishi kabla Wajerumani hawajafika mlimani. Mwaka mzima nilizunguka kwa wazee kuyakusanya. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kusifiwa tu, na hiyo ilitosha kuharibu.

Habari moja alinipa shangazi yangu Ndeshi, jikoni kwake, akikoroga mtori. Katika vita vya mangi mmoja, yaani chifu, na mwenzake, mzee wetu aliteka mtoto wa kiume. Wenzake waliwauza mateka wao kwa misafara ya pwani. Yeye alimbakiza mtoto, akamwita mwanawe, akamgawia kihamba, shamba la migomba la kujenga na kuzikwa, chini ya mfereji. Mjukuu wa mtoto yule ni Elia, niliyemwita baba mdogo tangu nizaliwe.

"Hili nimekupa ulitunze," shangazi alisema. "Usilisome mbele za watu."

Nililisoma.

Kaka yangu mkubwa alipiga paja. "Kumbe Elia ni wa kuokotwa! Na kidari chote cha mbuzi wa ukoo tulichomlisha!" Watu wakacheka. Elia aliweka chini kibuyu cha pombe ya mbege.

"Mwanangu," aliniambia polepole, "hata mimi ndiyo nasikia leo."

Ardhi ilikuwa imekwisha, na kaka zangu walikitamani kihamba kile. Baada ya sikukuu ukoo ulikaa, ukamwambia aondoke. Asubuhi yake alikuja mlangoni kwetu na jani la sale mkononi kuomba asamehewe, ingawa hakuwa na kosa. Kwetu anayeletewa sale hakatai, hata kama ameuliwa ndugu. Kaka alilitazama tu.

"Sale huletwa na ndugu," akasema.

Nilikuwa mlangoni. Neno langu moja lingesikilizwa, maana daftari lilikuwa langu. Nikanyamaza.

Elia alipanga chumba Kiboriloni, pembeni ya mji, na hakumaliza mwaka. Wanawe waliomba alazwe kihambani, karibu na wazazi wake. Kaka akakataa. Alizikwa makaburi ya mjini, kama mtu asiye na kwao. Tulipotoka makaburini shangazi alinishika mkono.

"Babu wa babu yako alimchukua mateka akamfanya mwana. Wewe umemchukua mwana ukamfanya mateka. Na unasali kila Jumapili."

Nilitubu, na namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwangu. Nilikwenda pia kwa wanawe Elia kuomba msamaha. Walinipa shikamoo, wakanipa kiti, msamaha hawakunipa. Kihamba kile kiliuzwa kwa mgeni, na sasa kina ukuta.

Mwanangu, tafuta habari za wazee wako, maana ni vyema kujua ulikotoka. Lakini kabla hujazitangaza, jiulize ni nani anayeishi juu ya hizo unazotaka kusema, na ataishi wapi ukishazisema. Na ukikosea, sema siku ile ile, mtu angali mlangoni. Mimi nilichelewa.

Mungu akupe mdomo wenye huruma. Akulaze siku yako ya mwisho katikati ya watu wako, na asiwepo duniani mtu aliyekosa kwao kwa ajili yako.