Picha za Kisima Chetu

Sikuwahi kusomea uandishi wa filamu. Nilijaza tu daftari la shule kisa cha mama yangu alivyomtafuta ng'ombe wake aliyepotea, na dada mmoja wa Karatu anayetengeneza katuni akasema kinafaa kuwa filamu. Akaniomba nimpigie picha za boma letu la Loliondo, kila upande, pamoja na njia ya kisimani.

Mama aliziba kamera ya simu yangu kwa kiganja. "Kisa ni cha ng'ombe. Kisima anakitakia nini?"

"Anataka kukichora, yeyo," nikamjibu mama yangu.

"Waliokuja kuchora mara ya mwisho walichora ramani, kisha malisho yetu yakawekewa mipaka."

Hata mimi nikaanza kumtilia shaka yule dada, maana rangi ya ng'ombe hakuwahi kuiuliza. Basi tukasafiri hadi Karatu tukamwone.

Alitufungulia kompyuta, na ng'ombe akatembea kwenye skrini. Mama akamtazama kwa muda. "Huyu anatembea kama punda. Ng'ombe mwenye kiu habebi kichwa hivyo." Akasimama, akashusha shingo, akaanza kutembea polepole chumbani. Dada akanyanyua simu amrekodi.

Mama akasita. "Zima hiyo. Chora kwa macho yako."

Dada akaizima, akachukua penseli, na mama akatembea tena na tena mpaka mchoro ukamridhisha.

Filamu ilipokamilika, ng'ombe alitembea sawasawa. Kisima kilikuwa cha kubuni, kwa sababu picha za chetu mama hakuziruhusu kamwe.