Kibaraza Cheupe cha Saveta

Kijijini Fântâna Rece hakukuwa na mwanamke aliyeanika shuka nyeupe kama za Saveta, naye alijua, na alijivuna. Wenzake walimtania kwamba hata kuku wake hufuta miguu kabla ya kuingia bandani. Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alimfundisha kwamba padri anapopita Januari na maji ya baraka, uchafu atakaoukuta nyumbani utakaa mwaka mzima.

Basi Januari moja, asubuhi ya mkesha wa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, siku ya padri kupita, jirani yao Toader aliingia uani na mpini wa shoka, kwa ugomvi wa mpaka. Ilarie, mume wa Saveta, fundi wa mapipa, aliinua mkono wa kulia kujikinga. Mpini ukatua kwenye kiwiko, kisha kwenye paji la uso, damu ikatapakaa kibarazani. Toader akautupa palepale akaenda zake. Barabarani hapakuwa na hata paka; kila mtu alikuwa ndani akimsubiri padri.

"Nipeleke hospitali," Ilarie alisema.

"Padri yuko nyumba ya tatu. Vumilia kidogo, mume wangu. Akukute hivi?"

Akamvua shati, akaliloweka kwenye maji ya chumvi. Akasugua kibaraza kwa maji ya moto mpaka mbao zikawa nyeupe. Mpini nao, kwa kuwa ulikuwa mti mkavu mzuri, akautia jikoni uwake.

Padri aliingia, akanyunyiza maji, akasifu usafi. Kisha akamtazama Ilarie aliyefungwa kitambaa kichwani.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

Saveta akawahi kujibu, maana aliona haya kutaja ugomvi mbele ya msalaba. "Ameteleza kwenye barafu, baba."

Ilarie akainamisha kichwa.

Hospitali walifika siku ya tatu, sikukuu zilipokwisha. Kesi waliyomfungulia Toader ilisikilizwa majira ya kiangazi. Daktari alisema majeraha yale mtu anaweza kuyapata kwa kuanguka. Padri aliapa, akasema alichoambiwa, wala hakuongeza neno. Ndipo wakili wa Toader akamgeukia Saveta, kwa upole kabisa.

"Shati lenye damu liko wapi, mama?"

"Nililifua."

"Na huo mpini?"

"Niliuchoma."

"Na kibaraza?"

"Nilikisugua," Saveta akasema. Hakimu alisema hamwiti Ilarie mwongo, ila mtu hafungwi kwa maneno matupu. Toader akaachiwa huru kwa kukosekana kwa ushahidi.

Nje ya mahakama Toader alikuwa akiwasha sigara. "Jirani," akamwambia Saveta, "siku nyingine ukifua nikuletee na zangu. Mkono wako una baraka."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Saveta hakujaliwa mjukuu, lakini huyo alimpata, akalala naye na kuamka naye. Mkono wa Ilarie haukukunjika tena. Mapipa aliyoyaacha nusu yakapasukia bandani. Mwaka mzima mume hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kejeli ya Toader.

Januari ikarudi. Saveta aliketi jikoni, mikono mapajani. Majivu yalikuwa sakafuni, matope kibarazani.

"Hufagii?" Ilarie akauliza. "Padri yuko kwa jirani yetu Veturia."

"Atukute tulivyo. Nisamehe, Ilarie. Ilinipasa kukupeleka siku ile. Ilinipasa kuacha damu ionekane."

"Nilikusamehe zamani. Ila mapipa nayatamani."

Akachukua ufagio kwa mkono wa kushoto, akaanza kuukokota, akiacha michirizi ya majivu kila alipopita. Saveta alinyanyuka ili ampokonye, kisha akarudi kuketi, akalia bila kujificha. Mlango ulipobishwa, sakafu ilikuwa chafu kuliko mwanzo. Akafuta macho, akaenda kumfungulia padri.